Picha za Zamani Zatuomba Majina

Katika nyumba za wakristu wa pande zetu za Tanganyika, pengine juu ya kabati, pengine chini ya kitanda, huwa kuna kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Ndani yake mna vipande vidogo vya filamu, kila kimoja katika fremu ya karatasi ngumu yenye upana wa sentimita 5. Ukikishika mkononi, waona giza tu. Ukikiinua mbele ya dirisha, watu watokea: bibi arusi, mtoto wa ubatizo, wasafiri bandarini. Kwa Kifaransa huitwa diapozitivi. Sisi tutaziita picha za mwanga.

Twataka kueleza historia ya picha hizo, na sababu inayotupasa kuzitazama mapema, kabla wanaozifahamu hawajatutoka.

Taa ya kuonyesha picha ukutani si jambo la jana. Mholanzi Christiaan Huygens aliitengeneza karibu na mwaka 1659, na Padri Athanasius Kircher, Myezuiti, aliieleza katika kitabu chake kilichochapwa tena mwaka 1671. Zamani hizo picha zilichorwa kwa mkono juu ya kioo. Katika karne ya 19, foto ilipovumbuliwa, watu wakaanza kutia foto juu ya kioo hicho. Mwaka 1936 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza filamu ya rangi kwa mashini ndogo za foto, jina lake Kodachrome. Waliovumbua filamu hiyo walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Kuisafisha ilikuwa kazi ngumu isiyowezekana nyumbani. Basi picha iliyopigwa kando ya ziwa letu ilivuka bahari kwanza, ikasafishwa, ikatiwa katika fremu, ndipo ikarudi kwa mwenyewe. Filamu hiyo haitengenezwi tena tangu mwaka 2009.

Kongo yetu yajua vizuri nguvu ya picha hizo. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, mmisionari Mprotestanti, mama Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba mmoja ameketi barazani. Mbele yake vimelala mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilitiwa juu ya vioo, zikaonyeshwa kwa taa katika vyumba vya mikutano vya Uingereza na Marekani. Wengi waliokuwa wamesoma habari za Kongo bila kuzisadiki, sasa waliona kwa macho. Picha peke yake hazikumaliza uovu ule, kwa maana ziliandikwa pia taarifa nyingi, kama ile ya Roger Casement ya mwaka huo wa 1904. Lakini zilisaidia sana, na mwaka 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme Leopold II, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Angalieni jambo moja. Baba yule twamjua jina: ni Nsala. Mtoto naye ni Boali. Kwa sababu majina yao yaliandikwa, hakuna awezaye kusema kwamba watu hao hawakuwapo. Wakati uleule maelfu ya wazee wetu walipigwa picha, na chini yake pakaandikwa jina la kabila tu, au neno moja: mwenyeji. Hao nao walikuwa na baba na mama, na wengine walikuwa na jina la ubatizo. Leo nani atawaita?

Tusiwalaumu wageni peke yao. Sisi wenyewe twafanya vivyo hivyo nyumbani.

Katika parokia yetu, jamaa moja ilituletea kisanduku cha marehemu mwalimu, mzee wao. Wajukuu walitaka kukichoma, kwa kuwa hawakuona faida yake. Tulitafuta mashini ya zamani ya kuonyesha picha, tukatundika shuka nyeupe ukutani, tukamwita mama mzee, dada wa marehemu, aje kuketi mbele pamoja na wajukuu.

Picha ya kwanza ilikuwa meli. Wajukuu walisema, «Ni meli tu.» Mama mzee akajibu, «Si meli tu. Ni Liemba, hapo ni Kigoma. Kaka yangu alikwenda kuwatembelea rafiki zake.» Na kweli, meli hiyo ina historia yake. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na tangu 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba. Hivi safari ya mwalimu mmoja iliingia katika historia ya ziwa zima.

Kisha ikaja picha ya ndoa. Nyuma ya bwana arusi alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe. Mjukuu akauliza, «Nkambo, huyu ni nani?» Mama mzee alinyamaza kitambo, kisha akalitaja jina. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu, msimamizi wa ndoa yake. Alikufa mwaka 1964, katika miezi ile waasi walipoushika mji wa Albertville, ambao tangu 1966 waitwa Kalemie. Maiti yake haikuonekana. Nyumbani hawakumtaja tena, maana kumtaja kulileta machozi. Kwa hiyo watoto walikua bila kujua kwamba aliwahi kuishi.

Jumapili iliyofuata jamaa hiyo ilitoa nia ya misa kwa ajili yake. Jina lake lilisomwa kanisani.

Hili si jambo geni katika Ekleziya. Wakristu wa kwanza walikuwa na vibao viwili vilivyounganishwa, vyenye majina ya wazima na ya wafu, nayo yalisomwa katika misa. Nasi mpaka leo, mwezi wa Novemba, twaandika majina ya marehemu wetu. Mungu awajua wote, hata tusiowataja. Lakini sisi wanadamu, tutamkumbukaje kwa upendo mtu tusiyemjua kwa jina?

Yafaa basi kufanya haya. Kwanza, msitupe kisanduku. Kiwekeni pakavu, penye giza, pasipo joto, kwa maana unyevu huleta ukungu, na mwanga hula rangi. Msiache picha moja mbele ya taa muda mrefu. Asiye na mashini aweza kuiweka picha mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake, akaipiga upya kwa simu. Pili, angalieni fremu. Fremu nyingi za Kodak zina mwezi na mwaka. Lakini hiyo ni tarehe ya kusafishwa, si ya kupigwa, na pengine kati yake ilipita miezi mingi. Tatu, na hili lapita yote, waiteni wazee. Andikeni namba juu ya fremu, na katika daftari andikeni namba ileile, jina, mahali, na neno lolote wanalolisema. Msiandike «mjomba» tu. Mjukuu wa kesho hatajua ni mjomba wa nani.

Mama mzee wetu alikuja jioni tatu. Kabla ya jioni ya nne Bwana alimwita. Picha alizozieleza zina majina katika daftari ya jamaa. Zilizobaki zimo kisandukuni, nyuso zake zinatutazama, na hatuna wa kumwuliza.

Kwenu wazee wangali wazima. Nendeni kwao juma hili.