Isiolo: Mji Uliokua Mbio Kuliko Njia Zake

Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka Nairobi kuelekea kaskazini aliiaga lami Isiolo. Hapo palikuwa na kizuizi cha polisi, na ng'ambo yake vumbi na mawe hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Wengi walikwenda juu ya malori ya mifugo, siku mbili au zaidi.

Mji wenyewe ulianza kwa amri. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwapa makao hapo Wasomali waliokuwa askari wao, kisha wakapafanya makao makuu ya utawala wa kaskazini, Northern Frontier District (NFD). Sheria ya 1934 ilibana safari za kuingia na kutoka eneo hilo. Isiolo ikawa lango, na maduka yake yakajipanga kando ya barabara moja kuu.

Vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, viliutawanya mji. Mkuu wa wilaya, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa mwaka ule wa 1963. Mifugo ya Waborana na Wasomali iliangamia kwa wingi, na wafugaji waliobaki mikono mitupu wakasogea pembezoni mwa mji. Mitaa kama Bulla Pesa ilijaa hivyo, familia baada ya familia. Mtu alizungushia makazi yake ua wa miiba, jirani akapakana naye, na upenyo uliosalia katikati ukawa ndiyo njia. Miiba ikageuka mabati, mabati yakageuka ukuta wa mawe. Upenyo ukabaki vilevile.

Kisha yakaja makubwa. Mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli, ulizinduliwa Lamu Machi 2012, Isiolo ikiwa njia panda yake. Kufikia 2017, lami ya kilomita 500 hivi ilikuwa imefika Moyale, na mwaka huohuo uwanja wa ndege ukafunguliwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 143,294 katika kaunti nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 268,002. Viwanja vikapanda bei, na nyika ikaanza kukatwa vipande.

Tatizo la njia si la Isiolo pekee. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball wamechunguza ramani za barabara duniani kote. Wamegundua kwamba, tangu 1975, mitaa mipya katika nchi nyingi imezidi kujengwa kwa njia zisizokutana, na kwamba ramani ya mtaa ikishawekwa ni vigumu kuibadilisha. Majengo hubomolewa na kuinuliwa upya, njia hudumu.

Isiolo inalihisi hilo kila siku. Akina mama wa ushirika wa Anolei hupeleka maziwa ya ngamia Eastleigh, Nairobi, kwa basi, kilomita 280 hivi za lami. Lami hiyo haimsaidii anayeishi mwisho wa kichochoro kilichoziba. Gari la wagonjwa halimfikii, lori la maji halipiti, na jirani wa nyuma ya ukuta humfikia kwa kuzunguka mtaa mzima.

Mitaa ya zamani itahitaji fedha na fidia ili ifunguliwe. Ile mipya bado haijaziba. Serikali ya kaunti ichore barabara zake na kupiga bikoni kabla ya kutoa hati hata moja, na wewe mnunuzi, kabla ya kulipia kiwanja, uliza njia yake inatokea wapi.