Chui milia wa Kaspi na ushahidi wa mifupa ya makumbusho

Mwaka 1912 mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Ernst Schwarz, alitangaza kwamba chui milia wa kisiwa cha Bali ni wa aina ya peke yake. Ushahidi wake ulikuwa ngozi na fuvu la jike mmoja, vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Senckenberg mjini Frankfurt. Aliona rangi ya ngozi imekolea na fuvu ni dogo kuliko la chui milia wa Java, kisiwa cha jirani. Kwa wakati ule hayo yalitosha, akampa jina la kisayansi la balica. Miongo michache baadaye, chui milia wa Bali akawa ametoweka. Wa mwisho anayejulikana kwa uhakika aliuawa kwa risasi mwaka 1937.

Wengi wa ndugu zake walipewa majina kwa njia hiyohiyo. Mswidi Carl Linnaeus ndiye aliyemwandika chui milia katika daftari la sayansi mwaka 1758. Baada yake wakafuata wenzake, kila mmoja na ngozi zake mezani: Illiger akampa jina wa Bahari ya Kaspi mwaka 1815, Temminck wa Java na wa Siberia mwaka 1844, Hilzheimer wa kusini mwa China mwaka 1905, Pocock wa Sumatra mwaka 1929, na Mazák wa Indochina mwaka 1968. Hesabu ikafika nususpishi nane, yaani vikundi vinane ndani ya spishi moja, na vitabu vikazikariri kana kwamba ni mipaka iliyochorwa na maumbile yenyewe.

Udhaifu wa mpango huo uko wazi. Ukubwa wa mnyama hutegemea umri, jinsia na chakula. Manyoya hurefuka penye baridi na kupungua penye joto. Mtu mwenye ngozi mbili tatu hawezi kujua kama anatazama aina mpya au mnyama mmoja aliyekuwa na mistari michache kuliko wenzake. Hata hivyo wazee wale wanastahili heshima kwa jambo moja: kwenye ngozi na mafuvu mengi waliweka kibandiko chenye jina la mahali na, mara nyingi, mwaka. Nyingi kati ya sampuli hizo zilipatikana kwa bunduki za maofisa na wawindaji wa starehe, na inauma kukumbuka idadi ya wanyama walioangushwa kwa ajili ya picha na zulia la sebuleni. Lakini vile vibandiko ndivyo vinavyotufaa leo, kwa kuwa kipande cha mfupa kisichojulikana kilikotoka hakina mengi ya kusimulia.

Vinasaba vilipoingia katika uchunguzi wa wanyamapori, kazi hii ilibadilika. Mwaka 2004 kundi la watafiti likiongozwa na Shu-Jin Luo lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa chui milia 134. Waligundua kwamba wale wa Rasi ya Malay wanatofautiana na wenzao wa Indochina, wakawapa jina la jacksoni, kwa heshima ya mhifadhi Peter Jackson. Nchini Malaysia wapo walionung'unika: mnyama huyu yumo katika nembo ya taifa lao, iweje aitwe kwa jina la mgeni? Naliona lalamiko hilo kuwa la haki kabisa.

Wale wa 2004 walichunguzwa kwa damu, ngozi na nywele za wanyama waliojulikana walikotoka. Kwa aliyetoweka, njia iliyobaki ni kabati la makumbusho, na hapo kazi ni ngumu. Mnyama akifa, vinasaba vyake huanza kukatika vipandevipande, na dawa zilizotumika kuhifadhi ngozi huzidi kuviharibu. Mtafiti huchukua kipande kidogo cha mfupa ili asiharibu sampuli, akakisaga kuwa unga, tena katika chumba kilichotengwa, kwa sababu chembe moja ya mnyama aliye hai au ya mtafiti mwenyewe inaweza kupotosha majibu yote. Mara nyingi hutafutwa kwanza vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo mtoto hurithi kwa mama. Ndani ya seli moja nakala zake ni nyingi sana, kwa hiyo hata katika mfupa mkuukuu huenda zikabaki chache zinazosomeka.

Hivyo ndivyo mtafiti Carlos Driscoll na wenzake walivyomfikia chui milia wa Kaspi. Mnyama huyu aliishi kuanzia Uturuki na Irani hadi Asia ya Kati, akijificha katika matete na vichaka vya kingo za mito kama Amu Darya na Ili, akiwinda nguruwe mwitu na kulungu. Wanajeshi wa Urusi walitumwa kumwinda. Kisha mabonde yake yakafyekwa kupisha mashamba ya pamba. Umoja wa Kisovyeti ulipopiga marufuku kumwinda mwaka 1947, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Katika miaka ya 1970 alihesabiwa kuwa ametoweka.

Matokeo yao, yaliyotoka Januari 2009, yaliwashangaza wengi. Katika sehemu ya vinasaba vya mitokondria waliyoisoma, chui milia wa Kaspi na yule wa Siberia, wanaotenganishwa na maelfu ya kilomita, walipishana kwa herufi moja tu. Maelezo ya watafiti ni kwamba mababu zao walitoka mashariki mwa China wakapitia ukanda wa Gansu, njia ileile iliyokuja kupitiwa na misafara ya hariri, wakaenea Asia ya Kati na baadaye wakafika Siberia. Huenda waliotenga makundi hayo mawili ni binadamu wenye bunduki na majembe, katika karne mbili hivi zilizopita.

Mzozo wa majina haukuishia hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Berlin walipima mafuvu zaidi ya 200 na ngozi zaidi ya 100, wakaunganisha vipimo hivyo na vinasaba, wakahitimisha kuwa nususpishi ni mbili tu: wa bara na wa visiwa vya Sunda. Kikosi cha wataalamu wa paka cha Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili kiliukubali mgawanyo huo mwaka 2017. Mwaka uliofuata Luo na wenzake walijibu kwa jenomu kamili 32: makundi yaliyo hai ni sita, na babu yao wa pamoja aliishi miaka 110,000 hivi iliyopita.

Mimi nawaelekea wa sita. Ukisema chui milia wa bara wote ni wamoja, serikali yoyote inaweza kumwacha wake aangamie kwa kisingizio kwamba jirani anao wengi. Waliojitenga kwa maelfu ya miaka wamebeba urithi usioweza kuagizwa kutoka kwingine.

Kwa Kazakhstan, hata hivyo, pande zote mbili zinatoa jibu moja: wa Siberia ndiye ndugu wa karibu wa aliyepotea, na anafaa kurudishwa. Mwaka 2018 ilitengwa hifadhi ya Ile-Balkhash, mto Ili unapoingia katika ziwa Balkhash. Kulungu wa Bukhara wamerejeshwa, maana bila mawindo chui milia angevamia mifugo. Novemba 2024 waliwasili wawili kutoka Uholanzi, Bodhana na Kuma. Wao walikuwa wamezoea kutunzwa na watu, hivyo hawakukusudiwa kuachiwa. Mpango ulikuwa kwamba watoto wao, wakikua mbali na macho ya binadamu, ndio wangefunguliwa kuingia kwenye matete.