Msako wa jeni ya selimundu

Wazazi wengi wa Shinyanga na Geita huijua selimundu kwa maumivu ya mifupa, macho ya njano na vidole vya mtoto vilivyovimba. Chanzo chake ni badiliko dogo mno: kwenye jeni ya himoglobini, herufi moja ya vinasaba, A, imegeuka T. Herufi zote ni takriban bilioni 3.

Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea Kanda ya Ziwa. Lakini Allison alitazama chembe za damu. Jeni yenyewe ilikuwa bado haionekani.

Njia ilifunguka mwaka 1975. Edwin Southern, akiwa Edinburgh, alikata vinasaba kwa vimeng'enya, akatenganisha vipande kwenye jeli kwa umeme, akavihamishia kwenye utando, kisha akavisaka kwa kipande chenye mionzi kinachonasa jeni inayotafutwa tu. Miaka 3 baadaye, Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa San Francisco waliitumia mbinu hiyo wakakuta kwamba, kwa wengi wenye selimundu, kipande chenye jeni ni kirefu kuliko kawaida. Walikuwa wameona alama iliyo jirani na jeni. Kufikia 1982 kilitumika kimeng'enya MstII, ambacho hukata palipo na herufi ya kawaida na kushindwa palipobadilika. Hapo badiliko lenyewe likaonekana.

Bado kazi ilichukua siku kadhaa na kudai damu ya kutosha. Desemba 1985 wataalamu wa kampuni ya Cetus, California, walitangaza PCR, inayorudufu kipande kimoja cha vinasaba zaidi ya mara 200,000 kwa mizunguko 20. Ugonjwa wa kwanza walioujaribia ulikuwa selimundu.

Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, matone ya damu kavu ya watoto wachanga yaliyokusanywa kwa ajili ya PCR ya VVU yalipimwa tena, safari hii himoglobini. Matokeo ya mwaka 2020, kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, yalionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba jeni hiyo, na zaidi ya mmoja kati ya mia ni mgonjwa.

Penisilini, kinga ya malaria na haidroksiurea huokoa watoto hao wakigundulika mapema. Kipimo cha selimundu kifike basi kila wodi ya wazazi, kuanzia Kishapu hadi Nyang'hwale.