Na Maji Yakipanda?

Binamu yangu alinitumia video kutoka Maldives. Anafanya kazi kwenye hoteli moja ya kisiwani huko, kazi ya kutandika vitanda, na siku hiyo alikuwa amemaliza kusafisha vila kabla mgeni hajaingia, akaona aturingie kidogo. Nyumba ya mbao imesimama juu ya nguzo, chini yake bahari ya rangi ile ambayo ukiiona kwenye simu unadhani mtu ameichezea. Sakafuni pana kioo, samaki wanapita chini ya meza ya kahawa. Nyuma kuna ngazi inayoshuka moja kwa moja majini. Sekunde 40 hivi, halafu sauti yake: "Karibuni kwangu."

Wakati huo nilikuwa Garsen, nimekwenda kumjulia hali bibi. Nikampa simu. Akaitazama mara mbili, ameishika mbali na macho vile wazee hushika simu, kisha akauliza:

"Na maji yakipanda?"

Nilicheka. Nikamwambia hayapandi, bibi, pale wamepima. Akanirudishia simu bila neno. Na ni kweli, mtu aliyehamishwa na maji mara nne maishani mwake utamwambia nini kuhusu kupima?

Niliporudi Nairobi swali lile halikuniacha, nikaanza kusoma. Kumbe vila ya juu ya maji ni changa kuliko bibi yangu. Za kwanza kabisa zilijengwa mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea, Polinesia ya Ufaransa, na Wamarekani watatu kutoka California: Hugh Kelley, Jay Carlisle na Don McCallum. Walikuwa wamekwenda visiwa vile na ndoto ya kulima vanila, wakaishia kwenye biashara ya hoteli. Shida yao pale Raiatea ilikuwa ndogo, tena ya kibiashara: hoteli haikuwa na ufuo wa mchanga wa maana. Mgeni aliyeruka nusu ya dunia anataka kuoga baharini, sasa utamwambia ufuo hakuna? Basi chumba wakakipeleka majini. Nyumba za nguzo zilikuwapo Pasifiki na Asia kwa vizazi na vizazi. Wao waliongeza kitanda kipana, bafu na bei.

Wazo likasafiri. Maldives ilifungua hoteli yake ya kwanza ya watalii, Kurumba, mwaka 1972, na kwa muda mrefu utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja hoteli moja: wageni wana visiwa vyao, wenyeji wana vyao. Karibu na kwetu, kule Pemba, tangu 2013 kuna chumba kinachoelea baharini ambacho kitanda chake kiko chini ya maji kama mita nne, unalala samaki wakikutazama dirishani. Sijui kama ningepata usingizi. Ningekuwa naangalia kila kona kama panavuja.

Nilipompigia bibi kumweleza haya yote, aliniuliza swali jingine: hao watu hawajawahi kuona dungu?

Kama umezaliwa mjini huenda neno hilo hulijui. Dungu ni jukwaa la miti linalojengwa shambani, limeinuliwa juu ya nguzo, lina paa la nyasi au makuti, na mtu hukaa humo kulinda mazao. Katika mashamba ya mpunga ya Tana ya chini halina mbadala, kwa sababu mpunga unapendwa na kila mwenye mdomo: ndege asubuhi na jioni, nyani mchana, viboko usiku. Bibi alikaa dungu akiwa msichana. Ngazi ilikuwa gogo moja lililokatwa vidato. Sakafu ilikuwa fito zilizopangwa, juu yake mkeka. Kwenye kona walisiliba udongo ili waweze kukoka moto mdogo bila kuchoma nyumba, na moto huo haukuwa wa kupikia tu, moshi wake ulikuwa ndio neti. Silaha zilikuwa kombeo la madonge ya udongo kwa ndege na debe bovu kwa viboko. Maji yakiingia shambani, dungu linabaki limesimama katikati yake, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Ukitaka kwenda mahali, unateremka, unachukua upondo, unajisukuma.

"Usiku unasikia samaki wanagonga mabua ya mpunga," aliniambia. "Tk, tk. Ukizoea ndiyo inakulaza."

Kwa hiyo alishalala juu ya maji miaka mingi kabla ya Wamarekani wa vanila. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa kazini.

Na pale dungu lilipojengwa hapakuwa mahali popote tu. Wapokomo wamelima kando ya mto huu kwa kufuata mwendo wake: maji yanapopanda yanaacha tope jipya, yanaposhuka unapanda mbegu kwenye unyevu alioacha mto. Ukishuka zaidi, huko Ozi karibu na Kipini, mambo yanakuwa matamu zaidi, manake pale shamba linamwagiliwa na bahari. Si kwa maji ya chumvi. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, inausukuma mto urudi nyuma. Maji baridi, kwa kuwa ni mepesi, yanapanda juu, yanafurika na kuingia kwenye majaruba. Wiki ya maji mafu, shamba linapumzika. Mkulima wa Ozi anahesabu mwezi kama mvuvi. Hakuna pampu, hakuna dizeli. Na hilo nalo ni kupima, ingawa mimi siku ile niliona wanaopima ni watu wa Maldives peke yao.

Mto wenyewe una historia ambayo shuleni sikufundishwa. Ukitazama ramani leo, Tana inaingia baharini Kipini. Zamani mdomo wake ulikuwa kusini zaidi, na Kipini palikuwa mdomo wa mto mwingine mdogo, Ozi. Katika karne ya 19, Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, alichimbisha mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili. Mfereji huo ni Belezoni. Shabaha ilikuwa rahisi: mitumbwi ya mpunga na pembe za ndovu ipite ndani kwa ndani hadi Kau na Kipini bila kupambana na mawimbi ya mdomo wa Tana. Ulikuwa mfereji mwembamba wa kupitisha mitumbwi, basi. Lakini mto ukauona. Furiko baada ya furiko ukaupanua, na kufikia mwisho wa karne ile Tana ilikuwa imehama, imeufanya mfereji wa sultani kuwa njia yake. Mto wa kilomita kama 1,000, unaoanzia huko Aberdare na Mlima Kenya, ulibadilisha mlango wa kutokea kwa sababu ya njia ya mkato.

Huyo Ahmed alikuwa Mnabahani wa ukoo wa watawala wa Pate, aliyekimbilia bara kumkwepa sultani wa Zanzibar. Na Witu yake ikawa mahali pa kukimbilia kwa wengine pia. Watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, walipata hifadhi kwenye misitu ile. Siongezi chumvi nikisema kwamba maji na msitu wa delta ndivyo vilivyokuwa ngome yao: askari asiyejua njia angezama kabla hajafika. Huko Benin, Afrika Magharibi, watu wa Ganvié walikwenda mbali zaidi. Walijenga mji mzima juu ya nguzo katikati ya ziwa Nokoué ili wawakwepe wawindaji wa watumwa wa ufalme wa Dahomey, na wajukuu zao wanaishi pale hadi leo. Watalii huenda kuupiga picha. Nyumba ya juu ya maji ilikuwa kwanza nyumba ya mtu anayetafutwa.

Wajerumani walidai Witu kuwa himaya yao mwaka 1885, wakaiachia Uingereza 1890 katika mapatano yale yaliyowapa kisiwa cha Heligoland. Tuliachwa kama chenji. Hayo yana vitabu vyake, mimi nirudi kwa maji.

Bibi anahesabu umri wake kwa mafuriko. Ya 1961 yalimkuta msichana. Anakumbuka ndege zikidondosha chakula, na watu wakibishana kama ni salama kula unga uliotoka mbinguni. Ya 1997, El Nino, yaliharibu nyumba yake, na pia yalisomba kingo za mradi mkubwa wa mpunga ambao TARDA ilikuwa imejenga deltani kwa msaada wa Japani. Trekta, mifereji, mageti, vyote. Halafu 2018. Halafu mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika upande wa Gamba na abiria wa mabasi wakajikuta kwenye boti. Wazee hawakushangaa sana. Kabla ya daraja la Garsen kila mtu alivuka kwa pantoni, na pantoni lilivutwa kwa kamba na mikono.

Ila kuna kitu kilichobadilika, na hapa nataka wewe unayesoma haya Nairobi simu ikiwa kwenye chaji unisikilize. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu ya mto huu moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kazi ya bwawa ni kukamata maji. Kwa hiyo yale mafuriko madogo ya msimu, yale yaliyoleta tope na mpunga, yalipungua. Makubwa hayakuzuilika. Masinga likijaa linamwaga, na maji yanashuka kwa siku kadhaa mpaka yafike Garsen usiku mmoja watu wamelala. Na mto unapokosa nguvu wakati wa kiangazi, bahari inapanda bila mtu wa kuikabili. Kule Ozi chumvi imeingia mashamba yaliyokuwa yakinyweshwa na bamvua, minazi na miembe ikakauka ikiwa imesimama. Maji yamekuja kwa wingi wakati hayatakiwi, na yanayotakiwa hayaji.

Ndipo unapoona chumba cha bibi wakati wa mafuriko. Kitanda kimewekwa juu ya matofali. Maji yakifika tofali la pili, yanaongezwa mengine. Magunia yako kwenye uchaga, kuku wako darini, sufuria inaelea na kugonga ukuta. Analala juu ya maji ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kazi ya usiku ni kuteremsha mkono kila baada ya muda kugusa, kujua yamefika wapi. Yakifika mbavu za kitanda, wanahama.

Kiangazi nacho kina vita vyake. Waorma wanateremsha ng'ombe mtoni kupitia malka, njia za mifugo, na njia hizo zinapita kando ya mashamba ya Wapokomo. Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Riketa kwa usiku mmoja, wengi wao wanawake na watoto, na mauaji ya kulipizana yakaendelea vijiji vingine mpaka mwaka unaisha. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, delta ikaandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mambo mawili hayo nimeyaona yakiandikwa kwenye kurasa tofauti kabisa, kama vile ni mito miwili.

Wageni wa kitalii deltani wamekuwapo pia. Karibu na mdomo wa zamani wa mto iliwahi kujengwa kambi ya kifahari, vibanda vya makuti na miti iliyosukumwa na bahari, upande mmoja unaona Bahari ya Hindi, upande mwingine unaona delta. Haikujengwa juu ya maji. Ilijengwa kileleni mwa vilima vya mchanga, sehemu ya juu kuliko zote pale, ambapo furiko halifiki. Sikumlaumu aliyechagua mahali hapo. Mtu aliyeijua delta angechagua hapohapo.

Swali la bibi nilimpelekea binamu hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe niliyoirekodi: na maji yakipanda? Alijibu usiku wa manane, saa za huko. Alisema bahari huwa inachafuka kweli, miezi ya pepo mbaya mawimbi yanapiga sakafu kutoka chini na wageni wengine huomba kuhamishwa chumba cha nchi kavu. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajalala kwenye vila hata usiku mmoja. Wafanyakazi wana mabweni katikati ya kisiwa, nyuma ya jenereta, watu wanne chumba kimoja. Maji huyaona akienda kazini.

Nilimchezea bibi ujumbe huo. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimjibu kwamba mpunga unaanza kutoa maziwa, ndege wameshafika, na dungu halina mtu.

Nilimtumia. Amejibu kwa kicheko, halafu akauliza nauli kutoka Mombasa hadi Garsen siku hizi ni ngapi.