Fimbo ya Pool: Mpya au ya Zamani? Tuulize Historia

Haya wasomaji, leo tuweke tarakilishi kando kidogo (si mbali sana, mtaona). Swali ni hili: ukiwa na pesa za fimbo moja tu ya pool, ununue mpya iliyotoka kiwandani juzi, au ile ya zamani iliyochongwa na fundi ambaye sasa ni marehemu?

Tuanze mbali. Zamani biliadi haikuchezwa kwa fimbo tunayoijua. Huko Ulaya walitumia rungu lenye kichwa kipana, wakausukuma mpira badala ya kuugonga. Mpira ukikaa karibu na ukingo wa meza, kichwa kile kilisumbua, basi wachezaji wakageuza rungu na kutumia mkia wake. Mkia kwa Kifaransa ni queue. Naam, neno lile lile ambalo sisi wa programu tunalitumia kwa foleni ya data! Fimbo ya pool na foleni yako ya ujumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Mkia ule ulikuwa mbao tupu, na ukigonga mpira pembeni uliteleza. Kufikia mwaka 1807 François Mingaud, kapteni wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa mfungwa wa kisiasa, alikuwa ameweka kipande cha ngozi kwenye ncha. Husimuliwa kwamba alinogewa na majaribio yake hata akaomba aongezewe siku gerezani. Ngozi ilishika mpira, na mpira ukaweza kuzungushwa. Mwaka 1835 Gaspard-Gustave de Coriolis, yule yule wa fizikia ya upepo na dunia inayozunguka, alichapisha kitabu kizima cha hisabati ya biliadi. Chaki ya kisasa ilipata hataza Marekani mwaka 1897, kwa jina la mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins. Wala si chaki ya ubaoni, ni unga wa silika na vitu vingine vikavu vinavyokwaruza.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Ukigonga mpira mweupe upande wa kulia ili uzunguke, hauendi moja kwa moja ulikolenga. Unachepuka kidogo kushoto. Ncha hukaa juu ya mpira kwa takriban elfu moja ya sekunde tu, lakini katika muda huo mpira unaanza kuzunguka na kuivuta ncha pembeni. Ncha ikiwa nzito, inakataa kusogea, na ukaidi wake unausukuma mpira upande wa pili. Wachezaji wa kale hawakuwa na jina la kisayansi la jambo hili. Walilijua mikononi, wakalenga pabaya kwa makusudi ili mpira uende pazuri. Sisi tungeiita hitilafu inayojulikana, ambayo kila mtumiaji amejifunza kuizunguka.

Fimbo za zamani zinazotamaniwa zaidi zina hitilafu hiyo. Chukua za George Balabushka. Alizaliwa Urusi mwaka 1912, akafika Marekani mwaka 1924, akawa fundi wa mbao, na mwaka 1959 akaanza kutengeneza fimbo huko Brooklyn. Alifariki mwaka 1975. Filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986 ilizifanya maarufu dunia nzima, ingawa fimbo inayoonekana humo si yake. Ni ya kampuni ya Joss, kwa kuwa ya kweli ilikuwa ghali mno kuhatarishwa kwenye upigaji picha. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini sehemu yake ya mbele ni mbao ngumu ya maple, imara na nzito, na mpira unachepuka kama kawaida.

Mwaka 1994 ikaanzishwa kampuni ya Predator, Marekani, nayo ikafanya jambo ambalo mwandishi yeyote wa programu angelifurahia: ikaacha kubishana, ikapima. Walijenga roboti wakaiita Iron Willie, ikagonga mipira bila kuchoka wala kujirekebisha kimoyomoyo. Jibu likawa kupunguza uzito wa ncha. Fimbo yao ya 314 (ndiyo, ni pai!) iliunganishwa kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kabari, ikatobolewa ndani upande wa mbele. Mwaka 2016 wakatoa Revo, ya nyuzi za kaboni, ambayo haipindi kwa unyevu. Mtu wa Mombasa atathamini jambo hilo kuliko mtu wa Nairobi.

Mpya imeshinda, sivyo? Ngojeni. Ukigonga mpira katikati hakuna tofauti yoyote. Na kama umecheza miaka kumi na mbao, mkono wako tayari umehifadhi marekebisho yote. Ukibadilisha fimbo, yale marekebisho yanageuka makosa, na kwa wiki kadhaa utashindwa na watu uliokuwa ukiwafunga.

Kuna jambo zito zaidi. Mwenzangu mmoja tunayecheza naye alikuwa karibu kutuma pesa ng'ambo kwa fimbo ya zamani yenye pete nyeupe chini ya ngozi. Nikamwambia aulize kwanza ile pete ni ya nini. Mafundi wengi wa zamani walitumia pembe za ndovu kwa pete, viungio na marembo, na mipira yenyewe ilikuwa ya pembe hadi pale John Wesley Hyatt wa Marekani alipoanza kutafuta mbadala katika miaka ya 1860, akaishia kutuletea seluloidi. Pembe nyingi zilizopita Zanzibar karne ile zilienda kwenye vinanda na meza za biliadi. Kenya ilichoma tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Kupokea kifurushi cha aina hiyo uwanja wa ndege si mzaha, sheria yetu ya mwaka 2013 ni kali. Muuzaji akajibu kwamba ni pembe kweli. Biashara ikafia hapo.

Kwa fimbo ya zamani isiyo na pembe, kuna njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda. Fimbo ya vipande viwili huungwa kwa skrubu, na nyingi za zamani za Marekani zina skrubu ya upana wa inchi 5/16 yenye nyuzi 14 kwa kila inchi. Kipimo hicho bado kinatengenezwa! Kiolesura hakijabadilika, kwa hivyo unaweza kubakiza kipande cha nyuma cha babu na kufunga cha mbele kipya. Pima skrubu kabla ya kuagiza, na uangalie umbo la kiungio, maana skrubu ile ile huweza kuwa na mdomo tofauti. Kisha chungulia kipande cha nyuma kwa urefu wake, jicho moja limefumbwa, kama fundi anayekagua mbao. Kikiwa kimepinda, mrudishie mwenyewe.