Kura Tatu za Ngarenaro

Wazee niliozungumza nao Ngarenaro, mjini Arusha, husimulia jambo lile lile: mwaka 1958 mtaa mzima ulipiga kura, njia ya Uhuru ikafunguka. Lakini nani hasa aliruhusiwa kupiga kura?

Nilianza na masharti. Mpigakura alitakiwa kutimiza miaka 21, kisha awe na elimu ya darasa la 8, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Pauni 150 ni shilingi 3,000 za wakati huo, yaani 250 kwa mwezi. Kibarua wa mashamba ya kahawa chini ya Mlima Meru angezipata wapi? Nchi yenye watu zaidi ya milioni 8 haikufikisha wapigakura 60,000. Ngarenaro ilitoa wangapi?

Nikaitafuta nyumba ya karani mmoja anayesemekana alijiandikisha. Haipo tena, pamejengwa maduka, na wapangaji hawamjui. Jirani mzee akashikilia kwamba karani yule alimchagua Mwafrika peke yake. Yawezekana?

Hapana. Sheria ilimlazimisha kila mpigakura kuchagua watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukimwacha mmoja, kura yako imeharibika. Januari 1958, mkutano wa TANU mjini Tabora ulivutana vikali juu ya sharti hilo. Wapo waliotaka kususia, na baadhi wakajitoa na kuunda chama kingine. Waliobaki, katika chama cha Waafrika watupu, wakakubali kuwaunga mkono wagombea wa Kizungu na wa Kiasia. Je, Meru ingewakubali?

Mwaka 1951 tu, Wameru walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata walipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Simulizi inayopendwa husema hotuba iliyotolewa kwenye mkutano ule wa Tabora ndiyo iliyolainisha mioyo. Mimi siiamini kirahisi. Jeraha la ardhi haliponi kwa hotuba. Naona hesabu: sharti lile lile lilimpa Mwafrika sauti ya kuamua ni Mzungu gani na Mwasia gani aingie Baraza la Kutunga Sheria. Jimbo la Kaskazini likamchagua Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha aliyeungwa mkono na TANU, kwa kiti cha Waasia. Utiifu huo kwa chama ulidumu?

Si kila mahali. Mwaka 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa Mbulu, ndani ya Jimbo hili hili la Kaskazini. Watu wa huku walipima kabla ya kufuata. Lakini masimulizi peke yake hayatoshi kutuonyesha nani alipiga kura; kwa hiyo, kama sanduku la babu yako lina karatasi yoyote ya uchaguzi wa 1958, usiichome. Ipeleke Nyaraka za Taifa.