Kasoro iliyousaidia mwanga

Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham, wahandisi wa maabara ya STL mjini Harlow, Uingereza, walieleza kwamba unyuzi wa kioo ungeweza kubeba mawasiliano endapo upotevu ungeshushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani ibaki asilimia 1 ya mwanga. Kioo cha wakati huo kilipoteza takribani 1,000. Miaka minne baadaye, kampuni ya Corning ya Marekani ikafikia 17.

Historia ya mikongo ya mawasiliano huishia hapo mara nyingi, kwenye usafi wa kioo. Kwangu mimi, sura tamu zaidi iliandikwa kwa hesabu.

Unyuzi wenye kiini kipana huruhusu mwanga upite kwa modi nyingi, yaani namna tofauti za kusafiri ndani yake, kila moja na mwendo wake. Pigo la mwanga huingia likiwa fupi na kutoka limetanuka, kwa kuwa modi nyingine zimetangulia na nyingine zimechelewa. Tena hakuna unyuzi ulionyooka kabisa. Vipindo vidogo na ukuta usio sawa huhamisha nguvu kutoka modi hadi modi, na sehemu yake huvuja nje.

Katika maabara za Bell, Marekani, Dietrich Marcuse alikuwa akikokotoa uhamaji huo tangu miaka ya 1960, kwa nadharia iliyokomaa kwenye mabomba ya chuma ya mawimbi ya redio. Mwaka 1971 Stewart Personick akaonyesha jambo la kushangaza: kuchanganyika huko kunapunguza kutanuka kwa pigo. Ni kama abiria wanaobadilisha daladala njiani, mara ya haraka, mara ya polepole. Mwishowe wote hufika karibu pamoja. Pigo likawa linatanuka kwa kipeuo cha pili cha urefu wa unyuzi, si kwa urefu wenyewe. Mwaka 1972 Detlef Gloge akarahisisha kazi kwa mlinganyo wa aina ileile inayoeleza joto linavyosambaa.

Unyuzi wa modi moja uliisukuma elimu hii kando kwenye safari ndefu. TAT-8, mkongo wa Atlantiki wa 1988, uliutumia. Sasa watafiti wanataka kila modi ibebe ujumbe wake, na milinganyo imerudi mezani. Kompyuta za upande wa kupokea huweza kutenganisha modi zilizochanganyika. Nguvu iliyovuja hairudishwi na hesabu yoyote.